Lipu yabanduka Isingiro: Tatizo si uhaba wa saruji

KABEREBERE – Kila mvua zinapokatika, wenye nyumba wengi katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, hukuta jambo lile lile: lipu iliyopigwa mwaka uliopita imepasuka, imevimba, au imeanguka vipande vipande pamoja na sehemu ya ukuta. Jawabu la haraka ni kwenda dukani kununua mfuko mwingine wa saruji na kumwita fundi aje kuziba. Mvua zinazofuata, hasara inarudi.

Chanzo cha hasara hiyo mara nyingi si ubovu wa saruji wala uchache wake. Nyumba nyingi za eneo hili ni za udongo, ama za miti na matope ama za matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Saruji ngumu inapopakwa juu ya ukuta laini wa namna hiyo, viwili hivyo havishikani kwa muda mrefu. Mwenye nyumba anayelijua hilo anaweza kuokoa mifuko kadhaa. Mfanyabiashara anayelijua anaweza kumuuzia mteja kitu kitakachomfaa badala ya kumuuzia hasara.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wakazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyomo katika wilaya hiyo hiyo. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, lakini ardhi hiyo si mali yao na hawaruhusiwi kuiuza. Tangu mwaka 2020 msaada wa chakula na fedha unaotolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili. Kwa hiyo fedha inayokwenda kwenye lipu isiyodumu ni fedha iliyotoka kwenye chakula, karo ya mtoto au mtaji wa biashara ndogo.

Hali ya hewa inavyoushambulia ukuta

Eneo la Mbarara na Isingiro liko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyake vinapanda juu zaidi ya hapo. Hakuna barafu ya kupasua kuta kama ilivyo katika nchi za baridi. Hata hivyo, hali ya hewa ya nyanda hizi ina ukali wake.

Kwanza ni jua. Isingiro iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo kuta zinazoelekea mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa zaidi, asubuhi na jioni. Ukuta wa magharibi hupata joto la jua, kisha mvua ya alasiri, mara nyingine yenye mawe, huupoza ghafla. Lipu ya nje husinyaa wakati ukuta wa ndani bado una joto. Jambo hilo likijirudia miezi na miezi, nyufa nyembamba hutokea.

Pili ni mvua zenyewe. Kuna misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Desemba, na kati yake kuna ukame mkali. Isingiro imo katika ukanda mkavu wa wafugaji unaokatiza Uganda, ambako ardhi hukauka hadi kupasuka kisha hulowana kwa siku chache. Udongo wa mfinyanzi hutanuka ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Nyumba yenye msingi mfupi huinuka na kushuka pamoja na ardhi hiyo.

Tatu ni tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera nchini Tanzania, likaua zaidi ya watu 15 na kubomoa nyumba nyingi mjini Bukoba na vijijini. Mtikisiko wake ulifika pia kusini mwa Uganda. Ufa unaotokana na tetemeko au na msingi kutitia hauponi kwa kufunikwa na lipu, kwa kuwa ni ufa wa ukuta wenyewe.

Kwa nini saruji na udongo haviendani

Ukuta wa udongo unapumua. Unavuta unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha unautoa jua linapowaka. Unapofanya hivyo unatanuka na kusinyaa kidogo. Lipu ya saruji haifanyi hivyo. Ikishakauka hubaki ngumu kama jiwe jembamba lililobandikwa juu ya kitu kinachojongea.

Mwanzoni nyumba hupendeza. Baadaye lipu huachana na ukuta mahali pasipoonekana, kisha hupasuka. Maji ya mvua huingia katika ule ufa, lakini hayawezi kutoka, kwa sababu saruji imeziba njia ya kukaukia. Maji hayo hushuka hadi chini ya ukuta na kuulainisha udongo. Nje mtu huona lipu nzima, kumbe nyuma yake ukuta umegeuka kuwa tope. Siku lipu inapoanguka, huanguka na ukuta.

Makosa hayo huongezwa na imani kwamba saruji nyingi ndiyo lipu bora. Mchanganyiko wenye saruji nyingi husinyaa zaidi unapokauka, na kwa hiyo hupasuka zaidi. Kanuni ya mafundi wa kuta duniani kote ni kwamba lipu isiwe ngumu kuliko ukuta unaoibeba, na tabaka la nje lisiwe gumu kuliko tabaka la ndani.

Paa na chini ya ukuta kwanza

Kabla ya kugusa lipu, mwenye nyumba anatakiwa kuangalia maji yanatoka wapi. Sehemu mbili ndizo zinazoharibu nyumba nyingi: ukingo wa paa na chini ya ukuta.

Mabati yanayoishia sentimita chache tu nje ya ukuta huuachia ukuta mvua yote. Ukingo wa paa unaotokeza sentimita 60 au zaidi huukinga vizuri. Ikiwa paa haliwezi kurefushwa, mfereji wa bati unaopeleka maji kwenye pipa au tangi husaidia ukuta, na familia hupata maji ya matumizi.

Chini ya ukuta, matone yanayoanguka kutoka kwenye mabati hurusha tope na kuchimba ukuta polepole. Dawa yake ni kiuno cha mawe au cha matofali ya kuchoma chenye kimo cha sentimita 30 hadi 45 kuzunguka nyumba, kibaraza chenye mteremko wa kwenda nje, na mtaro wa kupeleka maji mbali. Hapa ndipo mfuko wa saruji unapofanya kazi yake vizuri. Mwenye fedha ya mfuko mmoja au miwili tu atapata faida zaidi akiitumia chini ya nyumba kuliko akiieneza nyembamba juu ya ukuta mzima.

Nyumba mpya nayo iwe na karatasi ya nailoni nzito kati ya kiuno hicho na ukuta, ili unyevu wa ardhini usipande. Unga mweupe unaoonekana ukutani karibu na sakafu ni chumvi iliyoletwa na maji yanayopanda. Kuupaka rangi hakuuondoi.

Kuukagua ukuta

Ukaguzi hauhitaji mashine. Fundi hugonga lipu taratibu kwa kishikio cha nyundo. Panapotoa mlio mzito lipu bado imeshika. Panapolia kama kibuyu kitupu imeachana na ukuta na lazima iondolewe, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Nyufa nazo zina lugha yake. Nyufa nyembamba kama unywele zilizosambaa kama wavu zinatokana na lipu kukauka haraka au kuwa na saruji nyingi, na haziitishi nyumba. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari unaonyesha kwamba ukuta unajongea au hauna kizingiti cha kutosha. Ufa mpana wa milimita 5 au zaidi, au ule unaopenya hadi ndani ya chumba, unahitaji fundi wa ujenzi aangalie msingi kwanza.

Ili kujua kama ufa bado unaendelea, weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukivuka alama hiyo baada ya msimu mmoja wa mvua, kuuziba ni kupoteza fedha.

Ukuta wa matofali ya kuchoma

Kwa ukuta wa matofali ya kuchoma au wa bloku, lipu ya saruji inafaa. Ukarabati wake huenda hivi. Lipu iliyoachana hukatwa kwa patasi hadi kufikia ile iliyoshika, na kingo zake hunyooshwa. Vumbi huondolewa kwa brashi, kisha ukuta hulowanishwa, kwa kuwa tofali kavu hunyonya maji ya lipu na kuiua kabla haijashika. Hurushwa kwanza tabaka jembamba la saruji na mchanga mkali lililo jepesi kama uji, ili liwe na mikwaruzo ya kushikia. Likishakauka ndipo lipu yenyewe hupigwa.

Kipimo cha sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 5 za mchanga kinatosha kwa kuta nyingi. Chokaa ikipatikana, kipimo cha saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6 hutoa lipu laini inayostahimili kujongea kidogo bila kupasuka. Unene wa kila tabaka usizidi milimita 15. Kwa kipimo cha 1 kwa 5 na unene huo, mfuko mmoja wa kilo 50 hutosha mita za mraba 8 hadi 10 hivi. Hesabu hiyo humsaidia mnunuzi asinunue zaidi ya anachohitaji.

Mahali ukuta unapokutana na nguzo ya zege, au tofali la aina moja linapokutana na la aina nyingine, hupigiliwa waya wa wavu kama ule wa mabanda ya kuku kabla ya lipu, kwa sababu vitu hivyo viwili havitanuki sawa.

Kazi haiishi fundi anapoosha mwiko. Lipu mpya inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na ukuta unaopigwa na jua ufunikwe kwa magunia mabichi au turubai. Katika ukame wa Julai, lipu iliyoachwa bila maji huweza kupasuka kabla ya wiki kwisha.

Mchanga nao ni sehemu kubwa ya kazi. Mchanga wenye udongo mwingi hudhoofisha lipu. Njia rahisi ya kuupima ni kujaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, kuongeza maji na chumvi kidogo, kutikisa na kuacha utulie kwa saa kadhaa. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu moja katika kumi, mchanga huo uoshwe au uachwe.

Ukuta wa udongo

Kwa ukuta wa miti na matope au wa tofali bichi, lipu inayofaa ni ya udongo au ya chokaa.

Lipu ya udongo si kitu kigeni. Wazee wa Ankole, Karagwe na Burundi waliipiga kabla saruji haijaja. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na mchanga, nyasi kavu zilizokatwa fupi na kinyesi cha ng'ombe, kisha huachwa ulowane siku kadhaa. Nyasi huzuia nyufa, na kinyesi huufanya uso ushike na usimomonyoke upesi. Kwa kuwa udongo wa kila kijiji ni tofauti, kwanza hupakwa vipande vinne au vitano vya majaribio ukutani, kila kimoja kwa kipimo chake, kuanzia mchanga sehemu 1 hadi sehemu 3 kwa udongo sehemu 1. Kile kisichopasuka wala kutoa vumbi baada ya kukauka ndicho kinachotumika kwa nyumba nzima.

Lipu hiyo inahitaji kurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili katika sehemu zinazopigwa na mvua. Hilo ndilo linalowafanya wengi waione ni ya kimaskini. Lakini matengenezo yake ni kazi ya siku moja na gharama yake ni ndogo, na muhimu zaidi ni kwamba inapoharibika haiondoki na ukuta.

Anayetaka ukuta mweupe na mgumu zaidi anaweza kupaka chokaa juu ya lipu ya udongo. Chokaa huchomwa magharibi mwa Uganda kwenyewe, katika eneo la Muhokya wilayani Kasese. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua, jambo ambalo rangi ya mafuta hairuhusu. Rangi ya mafuta kwenye ukuta wa udongo hufanya kosa lile lile la saruji, yaani kufungia unyevu ndani. Wanaofanya kazi ya chokaa wajikinge macho na mikono kwa sababu inaunguza, na watoto wakae mbali.

Kwa anayejenga upya kuna njia ya tatu, nayo ni tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 8. Tofali hilo halichomwi, kwa hiyo halihitaji kuni, ambazo ni adimu kuzunguka Nakivale. Likitengenezwa vizuri na kulowanishwa inavyotakiwa, linaweza kukaa bila lipu ya nje. Mashine za mkono za kulishindilia hutengenezwa nchini Kenya.

Wakati wa kufanya kazi

Wakati mzuri wa kutengeneza ukuta wa udongo ni kuanzia Juni, baada ya kuta kukauka. Kupiga lipu juu ya ukuta mbichi ni kufungia maji ndani. Mifereji na mitaro isafishwe mwezi Februari na mwezi Agosti, kabla ya kila msimu wa mvua. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, mwenye nyumba azunguke nyumba yake na kutazama maji yanakosimama. Nusu saa hiyo inaweza kuzuia ukarabati wa mwaka mzima.

Kwa wauzaji na wasafirishaji

Saruji inayouzwa katika eneo hili hutoka hasa kwenye viwanda vya Uganda, kikiwemo cha Hima kilichopo wilayani Kasese na kile cha Tororo upande wa mashariki. Katika nchi za Afrika Mashariki saruji ya kawaida hufuata kiwango cha pamoja kiitwacho EAS 18. Mfuko huandikwa daraja lake, kwa kawaida 32.5 au 42.5. Namba hizo zinaonyesha nguvu ya saruji baada ya siku 28. Daraja la 32.5 linatosha kwa lipu na kujengea matofali, na lile la 42.5 ni la nguzo, mihimili na zege. Kumuuzia mteja wa lipu daraja la juu ni kumtoza fedha kwa nguvu asiyoihitaji.

Saruji nyingi za daraja la chini zimechanganywa na majivu ya volkeno. Hazina kasoro kwa hilo, ila hushika polepole na kwa hiyo zinahitaji kumwagiwa maji siku zaidi. Muuzaji awaeleze wateja.

Kabla ya kupokea mzigo, angalia alama ya shirika la viwango la nchi husika, tarehe ya kutengenezwa na uzito. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole umeshaingiwa na unyevu. Mifuko ipangwe juu ya mbao, isiguse ukuta, na ile ya zamani iuzwe kwanza. Saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu hupungua nguvu. Saruji inayopimwa kwa kilo kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa iuzwe siku hiyo hiyo.

Kwa wanaovuka mpaka kupitia Kikagati na Murongo kuelekea Kyerwa na Karagwe, au kupitia Mutukula kuelekea Bukoba, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasili. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti kilichorahisishwa kinachopatikana mpakani. Cheti hicho hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Uganda na Tanzania Bara, wala ukaguzi wa viwango. Mfanyabiashara aulize kwanza ofisini mwa forodha kuliko kumsikiliza dalali.

Biashara ya vifaa vya lipu haiishii kwenye saruji peke yake. Chokaa, waya wa wavu, nailoni nzito, mifereji ya bati na mchanga uliooshwa vinahitajika na nyumba hizo hizo. Duka linaloviweka rafuni pamoja na saruji, na lenye muuzaji anayemuuliza mteja kwanza ukuta wake ni wa nini, litarudiwa na wateja hao hao msimu ujao kwa kazi nyingine, si kwa malalamiko.